Moto Ambao Haukuwaka

Zipo kazi ambazo matokeo yake huonekana, na zipo kazi ambazo matokeo yake ni kwamba hakuna lililotokea. Anayelima huvuna, anayejenga huonyesha nyumba, anayepika husifiwa na walaji. Lakini anayesafisha mashine ya kukaushia nguo ataonyesha nini? Nguo zilikauka jana, zimekauka leo, na nyumba bado imesimama. Je, mtu anayezuia balaa ambalo hakuna aliyeliona ametenda jema, au ameituliza tu hofu yake?

Msomaji aliyezoea kamba ya uani atauliza mashine hiyo inamhusu nini. Ni kweli, kwetu jua ndilo mashine, na jua halisafishwi. Lakini huku Minnesota, ambako usiku wa Januari huweza kushuka nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, shati lililoanikwa nje hugeuka ubao. Kwa hiyo nyumba nyingi zina sanduku hilo la bati. Ndani yake mna pipa linalozunguka, moto wa umeme au wa gesi, na feni inayopitisha hewa ya moto kwenye nguo kisha kuitoa nje kwa bomba la upana wa inchi 4.

Hewa hiyo haitoki peke yake. Hutoka na maji, tena hutoka na nyuzinyuzi, kwa maana kila nguo inapozungushwa humwaga kidogo cha mwili wake. Nyuzinyuzi hizo ni laini kama sufi. Wavu wa mashine hunasa nyingi, na zilizobaki hupenya na kujilaza bombani, hasa penye kona. Aliyewahi kuwashia jiko la mkaa kwa kipande cha pamba anajua kitu cha namna hiyo hufanyaje kikikutana na joto. Idara ya zimamoto ya serikali kuu ya Marekani ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2008 na 2010 mashine hizi zilianzisha mioto ipatayo 2,900 majumbani kila mwaka, ikaua watu 5 na kujeruhi 100. Sababu iliyoongoza ni kutokusafisha.

Mpwa wangu, anayeishi nasi akisoma chuo, si mtu wa kukubali jambo kwa sababu mkubwa amesema. Siku moja alinikuta nimeivuta mashine kutoka ukutani, nimelala kifudifudi, mkono na brashi ndefu vimo ndani ya bomba.

"Mjomba," akasema, "mashine hii ina miaka tisa na haijawaka hata siku moja. Unateseka ya nini?"

Nilimjibu kwamba haikuwaka kwa sababu nateseka. Akacheka, akaniambia hilo siwezi kulithibitisha. Na kweli siwezi. Marekani ina makumi ya mamilioni ya mashine hizi. Nyingi ni chafu, na nyingi ya hizo chafu hazitawaka kamwe. Kwa hesabu tupu kijana alikuwa na haki. Mtu anaweza kuishi maisha yake yote asiguse bomba, akafa kwa uzee kitandani mwake, nguo zake zikiwa kavu.

Wahenga walituachia methali ya ufa na ukuta, nami niliifikiria pale pale sakafuni. Haikunisaidia sana. Ufa huonekana, mpita njia atakuonyesha ukijifanya kipofu. Tena methali ile inazungumzia faida: ziba leo kwa kidogo usije ukajenga kesho kwa kingi. Ni biashara nzuri, lakini ni biashara. Kama sababu yangu ni hiyo tu, mpwa wangu anaweza kufanya hesabu yake, akaona hatari ni ndogo, akaamua kuibeba. Nani atamlaumu?

Ila nyumba zetu zimeungana. Upande wa pili wa ukuta ule wamelala watoto wa jirani, wawili, mmoja bado ananyonya. Mimi naweza kupima hatari yangu nikaiona nyepesi. Wao hawakuulizwa. Hawajui kwamba kuna bomba, wala kwamba kuna mtu anayeamua kwa niaba yao kila anapoahirisha kazi hadi mwezi ujao. Hapo ndipo naona jambo hili linapotoka kwenye hesabu. Uhodari wa kuvumilia hatari ni sifa pale tu hatari inapokuwa yako mwenyewe.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Ule wavu husafishwa kila mara mashine inapotumika, na hilo hata watoto hulifanya. Lakini wengi huku hutia vile vitambaa vya manukato vya kulainisha nguo, navyo huacha utando mwembamba kwenye wavu. Ukiutazama utaapa ni safi. Umwagie maji: yakisimama juu yake badala ya kupita, basi hata hewa inapita kwa shida, na hapana budi kuusugua kwa sabuni na maji ya moto. Nimewaonyesha watu kadhaa jaribio hilo, na wote wamekasirika kidogo, kana kwamba nimewatukana. Tumezoea kusafisha kwa ajili ya macho ya mgeni. Bomba halina mgeni.

Mama yangu hakupata kuiona mashine hii, lakini kazi hii aliijua. Nguo mbichi zikianikwa, kuna inzi hutaga mayai humo, na funza wake huingia katika ngozi ya mtu. Kwa hiyo mama alipiga pasi ya mkaa kila kitu, hata nepi na shuka, pande zote mbili. Sisi tulidhani ni unadhifu tu. Sikumbuki kupata jipu la funza utotoni, na kwa hiyo sikumbuki kumshukuru.

Simaanishi kwamba uangalifu hutosha. Mwaka 2016 jengo la ghorofa 18 huko Shepherd's Bush, London, lilishika moto kutokana na mashine ya kukaushia nguo yenye kasoro ya kiwandani. Hakuna aliyekufa, lakini familia nyingi zilipoteza makao. Brashi haifiki kila mahali.

Mwezi Juni tunahama. Mkataba unatutaka tuache jiko, zulia na madirisha yakiwa safi, bomba halikutajwa. Nitalisafisha wiki ya mwisho, na watakaoingia hawatakuta kitu cha kuwaambia kwamba kazi imefanyika. Mpwa wangu ameniuliza, safari hii bila kucheka, kama nitawaachia barua. Nikiandika itaonekana najisifu; nisipoandika hawatajua ni lini lisafishwe tena. Nafikiri nitaandika tarehe tu nyuma ya mashine, kwa penseli.