Chokaa na Wasio na Kaburi

Mawe ya chokaa, kama haya yanayochimbwa Bugarama, Rwanda, na kupelekwa kiwanda cha CIMERWA kutengenezwa saruji, yameshika hewa ukaa ndani yake. Ukiyachoma mpaka nyuzi 900 hivi, hewa hiyo inatoka. Kilo 100 za jiwe safi zinabaki 56. Zile 44 zimepaa, na hakuna awezaye kuzikusanya tena.

Mimi ni fundi wa kupaka kuta hapa Kamembe. Chokaa iliyotoka tanurini nikiimiminia maji narudi nyuma haraka, maana inavimba, inapasuka, inatokota bila moto, na ikikurukia jichoni inaweza kukupofusha. Ikishakunywa kilo 18 za maji inafika 74. Nikiipaka ukutani watu hudhani inakauka tu. Kumbe inayatoa maji yale na kuvuta hewa ukaa, polepole, wiki hata miezi, mpaka kilo 100 zitimie na ukuta uwe jiwe tena. Lakini hewa iliyoingia si ile iliyotoka. Hii ni pumzi ya waliolala chumbani, na moshi wa makaa ya jikoni.

Mama mmoja, ambaye tangu mauaji ya kimbari ya 1994 hajapata hata mfupa wa kaka yake auzike, aliniuliza nikiwa juu ya ngazi: "Fundi, asiye na kaburi atafufuliwa kutoka wapi?"

Mimi si padri wala shehe, ila swali hili siwezi kulipita. Wanaosema Mungu atalazimika kuokota chembe zilezile wamekosea, naamini hivyo kwa moyo wote. Damu aliyokuwa nayo mama huyu mwaka ule imekwisha zamani, mwili umejitengenezea nyingine mara nyingi, na bado yeye ni dada wa marehemu yule. Chokaa haithibitishi ufufuo. Jiwe hurudi kwa sheria za maumbile tu, wala halina jina la kuitwa. Lakini inanionyesha kwamba kitu kinaweza kupoteza sehemu yake kubwa, kikaijaza kwa chembe za kwingine, na kikawa kilekile.

Nikamwambia, "Mama, kaburi tunalihitaji sisi tuliobaki. Mungu anamjua kaka yako bila kaburi."

Akaniuliza kama kaka yake naye atamtambua, maana alimwacha akiwa binti mdogo na sasa ana mvi. Hilo nimempelekea padri wa parokia yake.