Kwa Habari ya Matembezi Wakati wa Baridi



Katika baraza la wazee wa usharika wetu hapa Lushoto liliulizwa neno ambalo hatukuweza kulijibu siku ile, nasi tumelichukua moyoni hata leo. Mzee mmoja, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alisimama akasema: "Je, ni halali Mkristo kutembea kwa kujifurahisha, hali jirani yake anatetemeka kwa baridi?" Wengine walicheka kidogo, maana waliona matembezi kuwa jambo dogo lisilostahili baraza. Lakini yeye hakucheka, wala sisi tuliojua sababu ya swali lake hatukucheka. Twaona ni vema kulitazama sasa mbele ya wasomaji wote, kwa kuwa majira ya baridi yamefika tena, na kila usharika wa milimani una njia zake za matembezi, na una nyumba zake zisizo na moto.

Wasomaji wetu walio pwani huenda wasituamini tukinena habari za baridi. Lakini mji wetu uko juu ya milima ya Usambara, yapata mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na tangu Juni hata Agosti jua huwa kama mgeni kwetu. Asubuhi ukungu hulala bondeni. Watoto huenda shuleni wamevuta mikono ya sweta hata kufunika vidole. Akina mama sokoni hujifunga kanga juu ya koti, nao hupanga karoti na kabichi kwa mikono iliyokufa ganzi. Basi likipanda kutoka Mombo, abiria waliotoka tambarare wamevaa shati jepesi hushuka wakijikumbatia, na wauza makoti ya mitumba huwakaribia kwa furaha. Jioni milango hufungwa mapema, na kila mtu hurudi kwenye moto wake.

Kwa sababu hiyo siku moja ya jua katika majira haya ni kama sikukuu. Ukungu ukiondoka Jumapili baada ya ibada, hakuna apendaye kukaa ndani. Wazee hutoa vigoda wakaota jua penye ukuta. Wengine hushuka Soni kutazama maji yaangukayo. Wengine huenda kuwasalimu ndugu zao. Na vijana hupenda hasa kwenda Irente, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa miguu. Huko mlima hukatika ghafula, na mtu asimamapo huiona nyika imetandazwa mbali chini yake, na nyumba za bondeni kama punje za mtama zilizomwagika. Haya si anasa. Hayana gharama ila mahindi ya kuchoma njiani. Hata hivyo ndiyo yaliyozaa swali la mzee wetu, nasi hatuna budi kueleza yalivyokuwa.

Mwaka uliopita, Jumapili moja ya Julai, sisi tunaoandika haya tulitoka kwenda Irente pamoja na vijana wa usharika. Kando ya njia tulipita nyumba ya bibi mmoja mjane, mshiriki wa Meza ya Bwana tangu miaka mingi, akaaye peke yake kwa kuwa wanawe wako Tanga na Dar es Salaam kwa ajili ya kazi. Binti mmoja wa kwaya akasema, "Mchungaji, leo jikoni kwa Bibi hakuna moshi." Tukatazama, tukaona ni kweli. Tukakumbuka pia ya kuwa asubuhi ile hatukumwona mahali pake kanisani. Lakini jua lilikuwa zuri, na vijana walikuwa wakiimba, na wa mbele walikuwa wamekwisha kukata kona. Tukamjibu, "Tutapita kwake tukirudi."

Tulifika Irente, tukatazama, tukaomba, tukamshukuru Mungu kwa uzuri wa kazi yake, na shukrani ile haikuwa ya uongo. Wakati wa kurudi ukungu ulishuka mapema, tukaogopa giza, tukashika njia ya mkato iliyo upande mwingine. Kila mmoja akaenda kwake.

Siku ya Jumanne tukapata habari. Bibi alikuwa amelala tangu Jumamosi kwa ugonjwa wa kifua, hana nguvu za kutoka, na kuni chache alizokuwa nazo zilikuwa zimelowa. Jirani yake, mama mmoja Mwislamu, alikuwa amesafiri kwa msiba. Aliporudi Jumatatu, kabla hajatua mzigo wake vizuri alikwenda kumjulia hali, akamkuta katika hali ile. Akachukua makaa ya moto katika kigae, akamwashia, akampikia uji, kisha akamtafutia chombo cha kumfikisha hospitali. Mungu alimrehemu Bibi, akapona. Tulipokwenda kumtazama tulikuwa tumejitayarishia maneno ya kuomba radhi, lakini yeye alitutangulia kusema. Alisema, "Niliwasikia mkipita mkiimba, nikafurahi sana. Nilidhani mwaja kwangu."

Hatukuwa na neno la kumjibu.

Basi wako katika usharika waliosema: Matembezi na yakomeshwe. Afadhali vijana wakae nyumbani, kuliko kwenda kufurahia milima na huku watu wanateseka. Neno hili lina sura ya utauwa, nasi kwa aibu yetu tulitaka kulikubali. Lakini tukilipima twaona halitoshi. Jumapili ile watu wengi hawakwenda Irente. Walikaa ndani wakiota moto, wala hawakumsaidia Bibi, kwa maana hawakupita mlangoni pake wala hawakujua kwamba jiko lake limezimika. Nasi kama tungalikaa ndani, tungalikuwa na dhamiri iliyotulia, naye angalilala vile vile katika baridi. Kuyakomesha matembezi ni kuyafumba macho, kisha kujisifu kwamba hatukuona.

Tena Maandiko hayatufundishi kuiogopa furaha ndogo. Katika Injili ya Yohana, mlango wa 10, twasoma ya kuwa wakati wa baridi, katika Sikukuu ya Kutabaruku huko Yerusalemu, Bwana wetu alikuwa akitembea katika ukumbi wa Sulemani. Na yule mwanamke aliyekivunja kibweta cha marhamu ya thamani, watu wa hesabu walipomlaumu kwa jina la maskini, Bwana mwenyewe alimtetea. Lakini tusisahau ya kuwa papo hapo aliwakumbusha kwamba maskini wako nao siku zote, na kwamba wakati wo wote watakapo waweza kuwatendea mema. Hakumtoa maskini ili kuweka furaha mahali pake, wala hakuiondoa furaha kwa ajili ya maskini.

Wako na wengine waliotutetea. Walisema: Mchungaji, usijilaumu. Hukumnyang'anya mtu kuni zake. Jumapili ni siku ya kupumzika, na kila mtu ana mzigo wake. Utetezi huu ni mtamu, ila hausimami. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther akiieleza amri ya tano, hakutosheka kusema tusimdhuru jirani. Ametufundisha kwamba yatupasa kumsaidia na kumtendea mema katika mahitaji yote ya mwili. Kwa kipimo hicho asiyenyang'anya kuni bado hajaitimiza amri.

Tena twakumbuka moto mwingine ulioandikwa katika Injili hiyo hiyo, mlango wa 18. Usiku ule ulikuwa wa baridi, na watumishi wamewasha moto wa makaa, na Petro amesimama pamoja nao akiota. Kuota moto si dhambi. Petro aliona baridi kama mtu ye yote. Lakini ni penye moto ule, na Bwana wake yumo mikononi mwa adui, aliposema kwamba hamjui. Wazee husema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Na mwenye moto ni vivyo hivyo. Joto husahaulisha. Jua la Irente nalo ni moto tuliouota, nasi tukiota tulimsahau mtu. Hatukumkana Bibi kwa kinywa. Tulisema tu, "Tukirudi."

Neno hili "tukirudi" twawasihi wasomaji walipime. Si neno la mtu mkatili. Ni neno la mtu mwema mwenye haraka, na kwa sababu hiyo ni la hatari zaidi, maana halituchomi tunapolisema. Mtume Paulo alipokuwa kifungoni alimwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, akamwomba tena afanye bidii kuja kabla ya wakati wa baridi. Mtu mkubwa kama huyo hakuona haya kuomba nguo. Naye alijua kwamba joho likifika baridi ikiisha halitamfaa kitu. Upendo una majira yake kama shamba lilivyo na majira yake; mbegu ya Machi haipandwi Julai.

Labda mtu atauliza: Je, mwisho wake ni wapi? Mji una nyumba nyingi, na mlima una vijiji vingi. Kama sharti kila jiko liwake kwanza ndipo nitoke kutembea, sitatoka milele. Swali hili ni la haki. Twajibu kwamba Mungu hakutuagiza kuutia moto mlima mzima. Kuhani na Mlawi wa Luka 10 hawakulaumiwa kwa kutowatafuta majeruhi wote wa Yudea; kosa lao lilikuwa kwa mtu mmoja tu, aliyelala katika njia waliyopita, nao walimwona. Kuona ndiko kunakozaa wajibu. Kabla binti yule hajasema neno lake, sisi tulikuwa watu wa kutembea tu. Alipokwisha kusema, tulikuwa watu walioitwa. Hatukuitwa na sauti kutoka mbinguni, bali na moshi usioonekana mahali ulipozoea kuonekana.

Kwa hiyo jawabu letu kwa mzee wetu ni hili. Ndiyo, ni halali Mkristo kutembea kwa furaha wakati wa baridi; tena ni vema, maana matembezi humtoa katika moto wake na kumpitisha penye milango ya wengine. Lakini atembeaye ameyafungua macho yake, naye atadaiwa kwa hayo aliyoyaona. Na furaha isiyoweza kusimama kidogo mlangoni pa mgonjwa ni furaha yenye kasoro, hata ikiimba nyimbo za kanisa.

Mwaka huu tumefanya mambo machache. Vijana wanapotoka Jumapili, kila mmoja huchukua ukuni mkavu mmoja au miwili, na nyumba zilizo njiani hupitiwa wakati wa kwenda, si wakati wa kurudi. Kijana mmoja alinung'unika kwamba matembezi yamegeuka kuwa kazi. Hatukumkemea, maana kuna siku huwa hivyo kweli. Twawaonya pia wasomaji, hasa waangaliao wazee, wasiache jiko la mkaa likiwaka katika chumba cha kulala kilichofungwa kwa kuogopa baridi. Mkaa huo hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Heri blanketi la pili, na dirisha lililo wazi kidogo. Nanyi mlio na koti mlilolining'iniza bila kulivaa, msingoje Septemba kulitoa.

Jumapili ya kwanza ya jua mwaka huu tulipita kwa Bibi. Moshi ulionekana tangu mbali. Alikuwa ameketi nje juu ya kigoda pamoja na jirani yake yule, wakimenya viazi. Vijana waliziweka kuni, wakaimba wimbo mmoja, kisha wakasimama wasijue kama ni adabu kuondoka upesi. Bibi akawatazama, akacheka, akasema, "Nendeni sasa, jua lisiwapotee. Miguu yangu haifiki tena Irente. Lakini mkirudi piteni hapa, mnieleze mlivyoiona nyika."

Wakaenda. Jioni wakarudi kwa njia ile ile.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo na iwe nanyi nyote.