Mkifika Mji Mkongwe, Pigeni Hodi

Wanangu mnaotoka Dar es Salaam, Nairobi, Maskati na Toronto kuja kuutazama Mji Mkongwe wa Unguja, karibuni sana. Kabla hamjaingia vichochoroni, nisikilizeni kidogo.

Mtaona nyumba zilivyobanana. Mahali pengine wawili wakipishana, mmoja hana budi ajibanze ukutani. Misikiti haihesabiki; Hurumzi lipo hekalu la Wahindu, na mwendo mfupi kutoka hapo mnakuta Kanisa la Minara Miwili. Mtaambiwa kwamba hapa Mashariki na Magharibi zimekutana, na ni kweli. Lakini kuta kugusana si watu kupatana. Kilichowawezesha watu wa asili mbalimbali kukaa hapa ni adabu, na hiyo ndiyo nataka mwende mkaitafute.

Itafuteni kwanza katika nyumba zenyewe. Baraza ya mawe iliyo nje ya mlango humpa mgeni pa kukaa, anywe kahawa, apate habari, na sitara ya nyumba isiguswe. Ua wa ndani huwapa wenyewe hewa na faragha katikati ya msongamano. Wenye asili ya Uarabuni walipenda mlango ulionyooka juu, wenye asili ya Bara Hindi wakapenda wenye tao, na mitaa ikaipokea yote bila kumlazimisha mtu aache ya kwao.

Kisha itafuteni baharini. Upepo wa kaskazi ulileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na mabaharia walikaa miezi wakingoja kusi iwarudishe. Anayekaa miezi hujifunza salamu, hukopa na kukopesha, huoa. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa muziki. Taarab ilikuja na mahadhi ya Misri, na ala za udi na kanuni, ikakaribisha fidla ya Ulaya. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, kinapiga hadi leo. Lakini taarab ilipata ulimi wa wananchi kwa mwimbaji Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyetoka katika umaskini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Basi mkisikia sifa za wageni waliovuka bahari, kumbukeni pia waliotoka mashamba ya kisiwa hiki.

Wala msiusifu mchanganyiko huu mkafumbia macho machungu yake. Nendeni Mkunazini. Kanisa la Waanglikana limesimama palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Watu hawakufika pale kwa hiari yao wala hawakuulizwa lugha wala dini. Vukeni Darajani mwende upande wa pili, Ng'ambo, mkawasikilize wazee wa huko. Mji wa mawe ulilishwa na kutumikiwa na watu ambao wengi wao hawakuwa na nyumba ndani yake. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 hayawezi kueleweka bila kujua hayo. Hata baada yake wako waliouawa na waliohama, wakaacha majumba na majirani. Adabu bila haki haidumu, wanangu. Hilo nawausieni mlishike.

Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini heshima hiyo haizuii ukuta kuanguka. Jumba la Beit el Ajaib, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikaondoka na roho za watu. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, nazo zinataka kupumua. Mkija kurithi au kununua nyumba hapa, tafuteni fundi wa chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani, na boriti zikaoza mkiwa hamna habari.

Basi mkipita, toeni salamu kabla ya kuuliza njia. Msimpige mtu picha bila idhini yake. Hizi ni nyumba za watu, wanapika na kulea humu. Vaeni nguo za heshima. Ikiwa ni Ramadhani, msile wala kunywa njiani. Jioni nendeni bustani ya Forodhani, na mkipata bakuli la urojo, kuleni bila haraka, mzungumze na aliye karibu yenu.

Najua wengi wenu mnaishi kwenye maghorofa, mlango kwa mlango, na hamjui majina ya mnaopakana nao. Mkirudi makwenu, mgongeeni jirani mlango. Mjulieni hali, mpelekeeni chochote mlichopika, na akidhulumiwa mteteeni. Mwenyezi Mungu awafikishe salama.