Kipimo cha Wengi, Mkono wa Mmoja

Katika masoko ya Kasulu na Kibondo, ambako maharage na mahindi ya nyanda za juu za Kigoma huuzwa kwa mizani inayopaswa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo, swali la kipimo cha haki limekwisha kujibiwa na sheria na dini kwa pamoja: sheria hukataza lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kimo chake ili mkulima apunjwe, nayo sura ya 83 ya Kurani, al-Mutaffifin, pamoja na kitabu cha Mithali katika Biblia, huhesabu upunjaji huo kuwa dhambi. Swali hilohilo huwa gumu zaidi linapofika zahanati, kwa kuwa mashine ya kielektroniki ya kupimia presha haipunji kwa kukusudia, na aliyepimwa hana njia ya kujua kwamba amepunjwa.

Mashine hiyo haisikii kitu. Muuguzi mwenye stetoskopu husikiliza sauti za mshipa ambazo daktari Mrusi Nikolai Korotkov alizieleza mwaka 1905, lakini mashine hupima mitetemo midogo ya hewa ndani ya mkanda, kisha hukadiria presha ya juu na ya chini kwa kanuni ambayo kwa kawaida mtengenezaji huiweka siri. Kwa kiwango cha kimataifa cha mwaka 2018, mashine hulinganishwa na masikio ya wataalamu kwa watu wasiopungua 85, na miongoni mwa masharti yake ni kwamba wastani wa tofauti usizidi milimita 5 za zebaki, na mtawanyiko, yaani kadiri tofauti hizo zinavyoachana na wastani wake, usizidi milimita 8.

Mtawanyiko huo unaruhusu mashine iliyofaulu kumkosea mtu mmoja kwa zaidi ya milimita 10 na bado ihesabiwe kuwa ya kweli kwa wote. Mfanyabiashara wa maharage huona makosa ya namna hiyo yakifidiana kadiri magunia yanavyoongezeka. Mgonjwa ana mkono wake tu, na mpaka wa 140 kwa 90 huweza kumpeleka kwenye dawa au kumrudisha nyumbani. Maandiko hayakumruhusu mpimaji kumpunja huyu kwa sababu yule alizidishiwa.

Wajawazito ndio wanaoonyesha uzito wa jambo hili, kwa kuwa mashine nyingi husoma chini ya hali halisi kwa wenye priklampsia, yaani presha ya ujauzito inayoweza kuzaa kifafa cha mimba, na ndiyo maana hutakiwa kuthibitishwa kwa wajawazito peke yao. Huenda ikasemwa kwamba pasipo nia hapana dhambi. Hoja hiyo humwokoa asiyejua, lakini haimwokoi aliyenunua mashine bila kuuliza ilithibitishwa kwa akina nani, maana amepokea amana.

Sikio nalo si hakimu wa mwisho, kwani wapimaji wengi huvutwa na tarakimu ya sifuri, na kwa sababu hiyo uthibitishaji wenyewe hutaka wasikilizaji wawili kwa wakati mmoja, kama Kumbukumbu la Torati linavyotaka mashahidi wasiopungua wawili. Katika wodi ya wazazi ya Kibondo au Kasulu, sharti hilo la mashahidi wawili linatimizika kwa kuongeza stetoskopu kando ya mashine na dakika chache za kupima upya.