Kicheko cha Nyumbani na Kicheko cha Dhihaka

Liko swali ambalo sisi walimu wa Kiswahili wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hatuna budi kulijibu kabla ya kuwapa wanafunzi wetu kitabu cha vibonzo, au kuwaruhusu watazame filamu ya vibonzo darasani. Swali lenyewe ni hili: je, ni haki kucheka mambo madogo mahali palipoona mambo makubwa?

Rumonge ni mji wa mawese na ndagala, ulio kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura. Lakini ni mji pia wenye kumbukumbu nzito. Uasi ulioanza huku kusini tarehe 29 Aprili 1972 uliua watu wengi. Ukandamizaji wa serikali uliofuata ukaua wengi zaidi sana, hata wakimbizi wakamiminika Tanzania. Baadhi yao walirejea baada ya miaka thelathini na zaidi, wakakuta mashamba yao yana watu wengine. Wako wazee wanaoheshimika wanaosema kwamba mtoto wa mahali kama hapa afundishwe historia, uraia na dini, wala asipotezewe wakati kwa picha za mama aliyesahau chumvi na baba aliyekalia miwani yake. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Katika makala haya tunakusudia kuipima.

Kwanza tueleze aina ya hadithi tunayoizungumzia. Wajapani huviita vitabu vyao vya vibonzo manga, na miongoni mwa manga iko aina isiyo na shujaa, wala vita, wala hazina iliyofichwa. Hadithi yote ni nyumba moja, jirani wawili watatu, shule, duka, na vichekesho vinavyotokea baina ya asubuhi na jioni. Mfano uliotangulia mingi ni Sazae-san, kazi ya mwanamke aitwaye Machiko Hasegawa, aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki mwaka 1992. Kibonzo chake cha kwanza kilitokea Aprili 1946 katika gazeti la mji wa Fukuoka. Baadaye alihamia gazeti kubwa la Asahi Shimbun, na huko akaendelea hadi mwaka 1974, akiwa amekwisha chora vibonzo zaidi ya 6,000. Oktoba 1969 hadithi hiyo iligeuzwa kuwa vibonzo vya televisheni vinavyooneshwa jioni ya kila Jumapili, na mwaka 2013 vilitambuliwa kuwa ndivyo vilivyodumu kuliko vibonzo vyote vya televisheni duniani.

Yafaa tuuangalie vizuri mwaka ule wa 1946. Fukuoka ulikuwa umeteketezwa kwa mabomu Juni 1945. Nchi ilikuwa imeshindwa vitani, chakula kikitolewa kwa mgao, na nyumba nyingi zikiomboleza. Katika hali hiyo Hasegawa hakuchora majivu. Alimchora binti mchangamfu, mwenye haraka, asemaye kabla ya kufikiri, anayeishi na wazazi wake na wadogo zake wawili. Foleni za mgao zimo humo, na njaa pia imo, ila zimeingia jinsi zinavyoingia katika nyumba yoyote, zikiwa kero za siku. Basi swali letu la Rumonge halikuanzia Rumonge. Mjapani yule aliulizwa swali hilo hilo na majivu ya mji wake, naye akajibu kwa kalamu.

Liko jambo jingine litakalomfurahisha mwanafunzi wa pwani yetu. Hasegawa aliwabuni watu wake akiwa karibu na ufuo wa bahari, na karibu kila jina ni la majini. Sazae ni konokono wa baharini. Mdogo wake wa kiume, Katsuo, ni samaki wa jamii ya jodari; mdogo wa kike, Wakame, ni mwani. Jina la mama, Fune, kwa sauti yake ni chombo cha majini. Jina la baba limebeba neno la mawimbi. Na ukoo wenyewe, Isono, unakumbusha ufuo wa mawe. Ni kana kwamba mtu wa Rumonge angeandika juu ya nyumba ya Bwana Sangala na Bibi Mukeke, yenye mtoto mtundu aitwaye Ndagala. Hatuhitaji kueleza zaidi. Darasa limekwisha cheka.

Umbo la kibonzo nalo lastahili kuangaliwa na mwalimu wa lugha. Kila kisa kina picha nne. Ya kwanza huanzisha jambo, ya pili huliendeleza, ya tatu huligeuza, na ya nne hulifunga. Nani kati yetu asiyeuona ubeti hapo? Shairi letu la tarbia lina mishororo minne, na ule wa mwisho ndio kituo. Mshairi asiyejua kufunga ubeti hata umbuji wa mishororo mitatu haumwokoi. Na mchora vibonzo ni vivyo hivyo. Kumbe mwanafunzi anayejifunza kusimulia kisa kwa picha nne anajifunza kiasi: aseme nini, aache nini, na anyamaze wapi.

Wala Kiswahili si mgeni katika sanaa hii. Wasomaji wa gazeti la Uhuru la Tanzania walimfahamu Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory, mtu wa kawaida katika pilikapilika za mjini. Wasomaji wa Taifa Leo la Kenya waliishi na Juha Kalulu wa Edward Gitau kwa miongo mingi. Kabla ya magazeti walikuwapo Abunuwasi na sungura katika ngano za jioni. Na tangu mwaka 2014 watoto wa Tanzania wamepata vibonzo vya televisheni vya Ubongo Kids kwa Kiswahili, vinavyofundisha hesabu na sayansi. Hivyo vya mwisho vina utetezi mwepesi, kwa sababu hesabu hutahiniwa. Ugumu wetu ni vile visivyofundisha chochote kinachoweza kuulizwa katika mtihani. Mama amesahau chumvi: mwanafunzi amejifunza nini?

Mfaransa Henri Bergson, katika kitabu chake juu ya kicheko kilichotoka mwaka 1900, alitoa rai kwamba ili mtu acheke lazima moyo wake ulale kwa kitambo. Ukimhurumia aliyeteleza huwezi kumcheka. Ukimcheka, ni kwa kuwa huruma imesinzia. Kama rai hiyo ni kweli tupu, basi wazee wetu wamepata hoja. Mahali ambapo mioyo iliwahi kulala usingizi wa kutisha, kwa nini tena tuilaze, hata kwa dakika moja?

Na tusijidanganye kwamba kibonzo hakina meno. Jirani zetu wa Rwanda walikuwa na gazeti la Kangura, lililotoka kuanzia mwaka 1990 hadi 1994. Gazeti lile lilichapa vibonzo, na watu walivicheka. Waliochorwa humo walichorwa ili wachukiwe. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani mhariri wake, Hassan Ngeze, na hatia ya uchochezi wa mauaji ya kimbari ikabaki hata baada ya rufaa ya mwaka 2007. Wahenga walionya: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kalamu ile ile, wino ule ule, kicheko kile kile cha ghafla. Na mwisho wake ni huo.

Hapa ndipo tunapoona haja ya kutofautisha. Rai ya Bergson inakieleza vema kicheko kimoja, lakini vicheko ni viwili. Kiko kicheko cha dhihaka, ambacho anayecheka yuko nje na anayechekwa yuko ndani ya picha. Humo moyo umelala kweli. Na kiko kicheko cha nyumbani, ambacho anayecheka leo atachekwa kesho, na wote wawili watakula sahani moja. Mtoto anapomcheka baba aliyetafuta miwani iliyo usoni pake, moyo wa mtoto haukulala hata kidogo. Anacheka kwa sababu anamjua baba, anajua haraka yake na uchovu wake. Asingemjua, kisa kisingekuwa na utamu. Huruma haijasinzia hapo, bali ndiyo iliyoleta kicheko.

Kwa hiyo kipimo tunachopendekeza kwa walimu wenzetu ni rahisi. Mbele ya kibonzo chochote tuulize: huyu anayechekwa, baada ya picha ya nne, ataweza kukaa kula pamoja na wanaomcheka? Katika nyumba ya Sazae-san anaweza. Kesho yake yumo tena, mezani pale pale. Katika Kangura hakuwa na mahali pa kukaa, na ndiyo maana alichorwa. Kipimo hiki kinavihusu pia vichekesho vyetu vya barazani juu ya mtu wa kilimani, mtu wa ziwani, mtu wa kurudi, na mtu asemaye Kiswahili cha kuchechemea. Utani hujengwa na watu wanaojua kwamba watazikana. Maneno hayo hayo yakitoka kwa mtu asiyekusudia kufika msibani yamekwisha kuwa matusi.

Tunakubali kwamba hoja haijaisha. Msomaji makini atasema: hadithi ya nyumba yenye amani huficha yasiyo ya amani. Katika vibonzo vya Sazae-san vya televisheni hakuna anayezeeka. Tangu 1969 Katsuo yuko shule ya msingi, wanaume huenda kazini, na wanawake hubaki na jiko. Nani amewahi kuuliza kama Fune alichoka? Swali hili lina uzito, hasa katika mwambao wetu, ambako wanawake ndio wanaoanika ndagala juani na kuziuza, na bado jioni jiko linawangoja. Jibu letu ni kwamba kicheko cha nyumbani si badala ya haki. Hakimrudishii mtu shamba, hakimfufui mfu, wala hakiwezi kumwondolea mwalimu wajibu wa kufundisha mwaka 1972 kwa ukweli. Mwalimu atakayekitumia kuyakwepa hayo atakuwa amekigeuza kuwa kileo.

Hata hivyo, yako yanayopotea pia tukifundisha makubwa peke yake. Mtoto aliyesomeshwa maafa tu huwajua majirani zake kwa mafungu: hawa walitenda, wale walitendwa. Hajui kwamba bibi wa nyumba ya pili huzungumza na kuku wake, au kwamba mvuvi mkali wa bandarini huogopa mijusi. Maafa huanza watu wanapoacha kuonekana mmoja mmoja. Mambo madogo ndiyo yanayomfanya mtu awe huyu, asiwe wale. Ndiyo maana tunathubutu kusema kwamba kibonzo cha chumvi iliyosahauliwa kinafundisha jambo, ijapokuwa mtihani hauliulizi.

Tutoe mfano wa zoezi. Mwalimu awaambie wanafunzi wachore kisa cha sokoni kwa picha nne, na katika kila picha maneno yasizidi manane. Tuseme kisa ni hiki. Picha ya kwanza: bibi aliyerudi kutoka Tanzania amesimama mbele ya sinia la samaki, asema, "Nipimie dagaa, mwanangu." Picha ya pili: muuzaji ajibu, "Samahani bibi, hapa tuna ndagala tu." Picha ya tatu: mikono iko hewani, wapita njia wamegawanyika pande mbili, na mwalimu wa Kiswahili amefika mbio akiwa na kamusi. Picha ya nne haina maneno. Sinia ni tupu, na kando yake yuko paka aliyeshiba, ambaye hakuuliza jina.

Katika kisa hicho mwanafunzi amefanya mazoezi ya usemi halisi, amekutana na tofauti za Kiswahili cha pande mbili za ziwa, na amejifunza kufunga ubeti wake. Zaidi ya hayo, ameligusa jambo ambalo watu wazima hulizungumza kwa kunong'ona: waliorudi na waliowakuta. Amewaweka wote katika picha moja, wala hakumfukuza yeyote. Bibi amechekwa, muuzaji amechekwa, na sisi walimu hatukusalimika. Wote wamekosa kitoweo kwa ubishi mmoja. Mwanafunzi wa ukoo wowote anaweza kukisoma kisa hicho nyumbani kwao bila kuinamisha kichwa.

Basi, je, ni haki kucheka mambo madogo mahali palipoona mambo makubwa? Tunajibu kwamba ni haki, kwa sharti kwamba anayecheka awe tayari kuchekwa, na anayechekwa asiondolewe mezani. Wajapani wengi husema kwamba muziki wa kufungia Sazae-san jioni ya Jumapili huwatia simanzi, kwa kuwa kesho ni Jumatatu na kazi zinangoja. Sisi nasi kesho tuna kazi: kuna mashamba yenye kesi, na yako makaburi yasiyo na majina. Tukifika darasani na picha nne mkononi, hatutakuwa tumeyasahau hayo. Tutakuwa tunawaonesha watoto nyumba inayofanana na ile ambayo kazi yote hiyo inafanywa kwa ajili yake.