Nani Aliupa Mti Jina?

Kitu huanza kujulikana lini? Siku mtu wa kwanza alipokiita kwa jina, au siku mgeni alipokikausha, akakiandika kwa Kilatini na kukipeleka Ulaya?

Hapa Kinyerezi vilima vya Pugu ni majirani zetu. Katika msitu wake kuna mimea ambayo wataalamu waliipa jina la puguensis, yaani "ya Pugu". Ipo Millettia puguensis, ipo Baphia puguensis. Basi Pugu, ambayo sisi tunaijua kwa mnada wa ng'ombe na kwa shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere, imo katika vitabu vya mimea duniani. Lakini nenda kijiweni, uliza vijana kumi wakuonyeshe huo mti wa Pugu. Watakucheka. Na lile gunia la mkaa linaloingia mtaani kwetu alfajiri, nani ajuaye limebeba mti gani?

Wapo vijana wenzangu wanaosema majina haya ni ubeberu mtupu. Wanayo hoja. Lile ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, ambalo Wazungu hulipanda kwenye vyungu madirishani, lilipelekwa Ujerumani na mtawala wa wilaya enzi za Wajerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Baron kapata ua, Wasambaa wamepata nini? (Kichekesho ni kwamba mwaka 2015 wataalamu waliifuta Saintpaulia kama jenasi, wakayaingiza maua hayo katika Streptocarpus. Hata baron hakudumu.)

Hoja hiyo naiheshimu, ila haijaniingia sawasawa. Hebu tazama mwarobaini, maana hapa kwetu ni vigumu kupita nyumba tano hujaukuta uani. Asili yake ni Asia. Wahindi huuita nim. Waajemi walikuwa na jina azad dirakht, mti huru, nalo likageuzwa Azadirachta, likaongezwa indica, wa India. Ulipofika pwani yetu sisi tukauita mwarobaini, eti unatibu maradhi arobaini. Je, tulimwomba Mhindi ruhusa? Thubutu! Mgeni kafika, tukampa jina la kwetu, na leo wengi wanaapa kwamba ni mti wa mababu.

Kwa hiyo kumwita mgeni kwa jina jipya si dhambi. Tofauti ni kwamba sisi tulipouita mwarobaini hatukumzuia mtu wa Bombay kusema nim. Sheria ya majina ya mimea ndiyo inayozuia. Yenyewe huanza kuhesabu na kitabu cha Msweden Linnaeus cha mwaka 1753; majina yaliyotangulia, ya nyika na ya pwani, hayamo. Tangu 1935 mmea mpya ulitakiwa uelezwe kwa Kilatini. Kuanzia Januari 2012 Kiingereza nacho kikaruhusiwa. Kiswahili, hapana. Ukiugundua mti nyuma ya nyumba yenu na ukaueleza kwa Kiswahili fasaha, jani kwa jani, mbele ya sheria hiyo hujasema kitu. Sisi tunaotaka kuwa waandishi hilo litukere zaidi kuliko jina la baron.

Msiniambie haibadiliki. Mwaka 2024, kwenye mkutano wao wa Madrid, wataalamu walipiga kura kuondoa neno caffra katika majina ya mimea zaidi ya 200, kwa kuwa lilitokana na tusi walilotukanwa watu weusi wa Afrika Kusini. Sasa ni affra. Herufi moja tu, lakini iligombewa.

Ila kulitupa jina la Kilatini ni kujikata mkono wenyewe. Mti usio na jina la kisayansi ni shida kuuingiza katika orodha ya mimea iliyo hatarini, na usipokuwa humo utamwambia nini mwenye msumeno? Ile kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania ilichapwa tangu 1952 mpaka 2012, ikafikisha aina zaidi ya 12,000. Yote Kiingereza. Mkata mkaa haisomi, mjumbe wa mtaa haisomi, mimi mwenyewe sina pa kuinunua.

Mlango upo nusu wazi, kwa sababu sheria inadai Kilatini au Kiingereza katika maelezo, wakati jina lenyewe laweza kutoka lugha yoyote. Mwaka 2009 mti wa msitu wa Kimboza, Morogoro, uliitwa Mwasumbia alba, kumuenzi Leonard Mwasumbi, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na kabla yake, 1970, Bernard Verdcourt alikutana na mti wa pwani ambao maua yake wanawake huyatumia kwa manukato. Akauliza unaitwaje, au alisoma mahali, vyovyote iwavyo hakubuni. Aliandika Mkilua fragrans. Hilo la pili maana yake ni wenye kunukia, na hapo hakuwaambia kitu kipya akina mama wa pwani.