Bei Iliyoandikwa na Bei Inayolipwa

Mwaka jana mvua ilinikuta katikati ya jiji la Kampala. Niliingia katika mkahawa mmoja nikasoma ubao wa bei: chai ya maziwa, shilingi 5,000. Mfukoni nilikuwa na shilingi 6,000. Nilipiga hesabu: 5,000 za chai, 1,000 za taksi ya kunirudisha hosteli. Nikaagiza chai ya kubeba. Risiti ilipotoka, jumla ilikuwa shilingi 5,900.

"Dada, pale pameandikwa elfu tano," nilimwambia keshia.

"Ni kweli, kaka, lakini kodi haimo," alijibu, akinionyesha maandishi madogo chini kabisa ya ubao.

Nilipandisha sauti na kumwita mwizi mbele ya watu. Kisha nikalipa, kwa kuwa chai ilikwisha kumiminwa, nikarudi kwa miguu nikiwa na shilingi 100. Hasira ilipopoa, nilibaki na swali: ni nani aliyemkosea mwenzake?

Keshia hakuiba. Kodi ya ongezeko la thamani ilianza nchini Uganda mwaka 1996, na sasa kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Asilimia 18 ya 5,000 ni 900. Mama anayetuuzia chai karibu na hosteli hatozi kodi hiyo kwa sababu mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya mwaka hayafiki kiwango kilichowekwa na sheria halazimiki kujisajili. Kwa hiyo hesabu ilikuwa sahihi. Hata hivyo, nilihisi nimedanganywa, na bado naamini hisia hiyo ilikuwa na msingi.

Ili kueleza msingi huo, inafaa tutenganishe utata wa sheria na utata wa bei. Mfano mzuri wa utata wa sheria ni Uingereza. Huko, chai ya moto ya kubeba hutozwa kodi ya asilimia 20, lakini maziwa baridi yaliyotiwa ladha, yakibebwa, hutozwa asilimia sifuri. Mtu akiyanywa maziwa hayohayo akiwa ameketi mkahawani, kodi inarudi. Maji ya chupa na maji ya matunda hutozwa ingawa ni baridi. Ni vigumu kupata kanuni moja ya haki inayounganisha mambo hayo yote. Lakini mnunuzi wa Uingereza halazimiki kuyajua, kwa sababu bei anayoonyeshwa lazima iwe na kodi ndani yake. Mzigo wa kuchambua sheria unabaki kwa mwenye duka na serikali.

Nchini Marekani mambo ni kinyume. Kwa kawaida bei inayoonyeshwa haina kodi ya mauzo. Kodi huongezwa wakati wa kulipa, na kiwango chake hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo. Hapo utata unamwangukia mnunuzi.

Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, alisema kuwa kiasi cha kodi kinapaswa kuwa wazi kwa mlipaji. Nakubaliana naye, na naongeza kuwa uwazi huo lazima uje kabla ya uamuzi. Risiti yangu ilieleza kila kitu, lakini ilieleza nikiwa nimekwisha kuamua. Ahadi hupimwa kwa kile ambacho mwenzako alikielewa alipoikubali, wala si kwa maandishi madogo ambayo unaweza kumwonyesha baadaye.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba kodi ikifichwa ndani ya bei, raia husahau kuwa analipa, na asiyejua kuwa analipa hawezi kudai barabara wala dawa hospitalini. Hoja hii ni nzito, nami siwezi kuipuuza. Lakini haitulazimishi kuandika bei pungufu. Ubao unaweza kuonyesha 5,900 kwa maandishi makubwa, na risiti ikaonyesha kuwa 900 ni za serikali. Hivyo raia anaelimika bila kutegwa.

Kwa mwenye pesa nyingi, shilingi 900 ni jambo dogo. Kwa aliyehesabu pesa zake kabla ya kuingia, ni nauli. Ndiyo sababu naona bei isiyo kamili ni kosa la kimaadili hata pale ambapo hakuna sheria iliyovunjwa: inawaumiza zaidi wenye kidogo.

Lakini inamwumiza mtu mwingine pia. Wiki iliyofuata nilirudi kumwomba radhi yule keshia. Aliniambia kuwa huitwa mwizi karibu kila siku, na kwamba ubao ule hakuuandika yeye. Hakutunga sheria, hakupanga bei, wala hakubaki na hata shilingi moja ya zile 900. Ila yeye ndiye aliyesimama kaunta, nami nikamtupia lawama yote. Katika kosa lile, sehemu hiyo ilikuwa yangu.